Selaginela ya Ndani ya Nyumba: Tafuta Kwanza Uharibifu Ulipoanzia

Selaginela inapoanza kubadilika rangi, mkono wa kwanza huenda kwenye kopo la maji, na hapo ndipo nyingi zinapofia. Kahawia ya kiu, kahawia ya hewa kavu, kahawia ya chumvi na kahawia ya kuoza zote zinafanana ukizitazama ukiwa umesimama, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Kinachozitenganisha ni mahali zilipoanzia. Kabla hujamwagilia, hujapulizia wala hujahamisha chungu, kibebe mpaka penye mwanga, fungua matawi kwa vidole na utafute sehemu iliyotangulia kuharibika.

Selaginela inayozungumziwa hapa ni Selaginella kraussiana, ile inayotambaa na kufunika udongo kwa vitawi vya kijani vyenye majani ya milimita mbili tatu tu. Kwa macho inafanana na kigoga kinachoota kwenye mawe na kuta zenye unyevu, lakini ina mizizi ya kweli na mishipa ya kupitisha maji. Haitoi maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi, au kwa kipande chochote cha shina kinachogusa udongo mbichi. Kwao ni huku huku Afrika: inaota chini ya miti katika misitu ya mvua ya nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda, na kushuka hadi kusini mwa bara. Huko ina kivuli siku nzima, hewa yenye unyevu usiokatika, ubaridi kiasi, mboji ya majani iliyo mbichi lakini iliyolegea, na maji ya mvua yasiyo na chumvi. Ndani ya nyumba karibu kila ugonjwa wake ni kukosekana kwa kimojawapo cha hivyo.

Kwa haraka, soma hivi. Ncha za juu zikiwa kavu na zinavunjika huku chini kukiwa kijani, tatizo ni hewa. Mmea mzima ukififia kwa pamoja na chungu kikiwa chepesi mkononi, ni kiu. Weusi ukianzia katikati au kwenye mashina yanayogusa udongo, na ukibonyeza ni laini, ni kuoza. Upande mmoja ukipauka mpaka karibu kuwa mweupe, tazama dirisha. Ncha zikigeuka manjano kisha kahawia kila mahali, huku ukingo wa chungu ukiwa na ukoko mweupe, chunguza maji unayotumia.

Ncha kavu zinazovunjika

Hili ndilo linalowasumbua wengi zaidi, na ndilo linalosomwa vibaya zaidi. Majani ya selaginela ni membamba sana na hayana nta nene ya kuzuia maji yasipotee. Hewa ikiwa kavu, huyanyonya maji kupitia ncha haraka kuliko mizizi midogo inavyoweza kuyarudisha. Ndiyo maana ncha hukauka hata udongo ukiwa umelowa. Mwenye mmea akiona ukavu huongeza maji, mizizi inakosa hewa, na baada ya wiki mbili ana matatizo mawili badala ya moja.

Nunua kipima unyevu wa hewa, hata kile kidogo cha kidijitali, na ukiweke usawa wa majani, si ukutani. Kisome saa nane mchana, wakati hewa inapokauka zaidi. Kipimo cha asubuhi kinadanganya. Asilimia 60 hadi 80 ni salama. Ikifika 50 mmea unavumilia. Ikishuka chini ya 40, ncha zitakauka, na hakuna kiasi cha maji ya chini kitakachozuia hilo.

Mahali pa kushuku ni sebule za Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu mchana wa Januari na Februari, nyumba za Dodoma karibu kiangazi chote, na chumba chochote chenye kiyoyozi, kiwe Masaki ya Dar es Salaam, Nyali ya Mombasa, Muscat au Dubai, maana kiyoyozi hukausha hewa kila kinapoipooza. Wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini wana hali ngumu zaidi majira ya baridi: hewa baridi ya nje inapoingia na kupashwa moto, unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 20 au 30.

Kupulizia maji asubuhi hakutatui hili. Matone yanakauka baada ya dakika chache na hewa inarudi ilivyokuwa. Sinia ya kokoto zenye maji husaidia kidogo tu, na katika chumba chenye feni haisaidii kabisa. Dawa ya kweli ni kuufunika mmea. Chukua chupa angavu ya maji ya lita 5 au 10, kata kitako chake kwa kisu chenye makali, ioshe, kisha ifunike juu ya chungu. Mdomo wa juu uache wazi bila kifuniko ili pumzi ya moto na mvuke vitoke. Akwariamu ya zamani, jagi pana la kioo au kisanduku angavu cha plastiki vinafaa vilevile. Bafu lenye dirisha nalo ni mahali pazuri kuliko sebule nyingi.

Usiuweke mmea kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi au pangaboi. Jaribu hivi: shikilia ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni juu ya mmea. Ukipepea, uhamishe mmea.

Ncha zilizokwisha kukauka hazirudi kijani. Zikate kwa mkasi safi mpaka ufikie shina lililo hai, na machipukizi mapya yatatokea pembeni baada ya wiki tatu au nne kama hewa imerekebishwa. Bila kurekebisha hewa, hata machipukizi hayo yatakauka yakiwa na urefu wa sentimita moja.

Mmea ulionunuliwa juzi unapokauka ncha ndani ya siku chache, sababu huwa ni ile ile. Umetoka kwenye banda la miche lenye unyevu mwingi ukaingia ghafla sebuleni. Ufunike kabisa siku tatu nne za kwanza. Kisha kila baada ya siku mbili inua kifuniko upana wa kidole kimoja zaidi, kwa wiki mbili. Ukifika mahali ncha zinaanza kujikunja, rudi hatua moja nyuma na ubaki hapo. Huo ndio mpaka wa chumba chako.

Mmea mzima umefifia na majani yamejikunja

Kijani kinakuwa na ukijivu, vitawi vinajikunja kuelekea ndani, na ukigusa vinachakarika. Inua chungu. Kama ni chepesi kuliko ulivyozoea, udongo umekauka. Kidole juu ya udongo hakitoshi kukuambia, kwa sababu zulia la matawi huficha udongo na juu panaweza kuwa na unyevu wa umande huku chini ni pakavu.

Udongo wa kokopiti, lile vumbi la makumbi ya nazi, ukikauka kabisa hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu. Ukimwaga maji juu yanateremka pembeni na kutokea chini bila kulowesha kitu, na unaamini umemwagilia. Fanya hivi badala yake: weka chungu kwenye beseni lenye maji ya kufika theluthi mbili ya kimo chake, kiache dakika 20 hadi 30 mpaka uso wa udongo ugeuke kuwa mweusi wa unyevu, kisha kitoe kichuruzike kwa robo saa. Kata vyote vilivyokauka. Funika kwa chupa angavu na uweke kivulini siku 10 hadi 14.

Kama kuna mashina yanayopinda bila kuvunjika na ndani yake kuna kijani, mmea utarudi. Kama yote yanavunjika kama njiti, umekufa, na kuloweka hakutaufufua. Wapo wanaotarajia ufufuke kwa sababu ya ndugu yake, Selaginella lepidophylla wa jangwa la Chihuahua, mpakani mwa Meksiko na Marekani, anayejikunja kuwa donge kavu na kufunguka tena akipata maji. Uwezo huo kraussiana hana.

Kwa kawaida mmea wa ndani usiofunikwa huhitaji maji kila baada ya siku mbili hadi nne. Uliofunikwa, mara moja kwa wiki au hata chini ya hapo. Lakini acha uzito wa chungu ukuamulie, usifuate kalenda. Lengo ni udongo ulio kama kitambaa kilichokamuliwa: mbichi ukiugusa, hautoi tone ukiuminya.

Katikati pamekuwa kahawia au peusi

Hapa tenganisha vitu viwili kabla ya kuchukua hatua. Fungua katikati ya mmea na ubonyeze mashina. Yakiwa makavu, ya kahawia, bila harufu, huku pembeni matawi ni ya kijani na yanaendelea kukua, huo si ugonjwa. Mmea umejirundika, matawi ya juu yameyanyima mwanga ya chini, na ya kati yamezeeka. Kata juu kwa mkasi mpaka ibaki sentimita tatu, toa makapi yote kwa mkono, halafu chukua vitawi vichache vya pembeni na uvilaze kwenye pengo vikigusa udongo.

Mashina yakiwa meusi, laini, yanateleza, na udongo unanuka kama maji ya mtaroni, hiyo ni kuoza. Sababu huwa mojawapo ya hizi: chungu hakina tundu, chungu kimetumbukizwa ndani ya chungu cha mapambo chenye maji yaliyotuama, udongo ni mfinyanzi au umeshindiliwa, au chungu ni kirefu mno. Hili la mwisho watu hawalifikirii. Mizizi ya selaginela huishi karibu na uso; hutokea kwenye vinyuzi vinavyoshuka kutoka panapogawanyika matawi. Katika chungu cha sentimita 20 kwenda chini, nusu ya chini haina mzizi wa kunywa, kwa hiyo maji yanakaa pale yakichacha. Tumia chungu kipana na kifupi: upana sentimita 12 hadi 15, kina sentimita 7 au 8.

Kuuokoa, utoe kwenye chungu chote na utupe udongo wa zamani. Usiutumie tena hata ukiuanika. Kata vitawi vya kijani vyenye urefu wa sentimita 4 hadi 6 kutoka mbali na sehemu iliyooza. Osha chungu kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, halafu suuza vizuri. Changanya udongo mpya kwa ujazo: kokopiti sehemu mbili, mboji ya majani iliyooza vizuri sehemu moja, na pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu) au perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) sehemu moja. Pumisi yenye punje za milimita 3 hadi 5 inatosha. Kenya inachimbwa maeneo ya Naivasha na Longonot na ni rahisi kuliko perlaiti ya kuagiza. Kokopiti iloweke na kuisuuza mara mbili tatu kabla ya kuitumia, kwa sababu makumbi mara nyingi huwa na chumvi. Udongo mwekundu wa bustani usiuchanganye. Ndani ya chungu kifupi unashikana na kufukuza hewa.

Ncha za manjano na ukoko mweupe: maji na chumvi

Maji yanaingia kwenye chungu na chumvi zake, mmea unakunywa maji na sehemu nyingine inakauka, chumvi zinabaki. Baada ya miezi michache unaona unga mweupe ukingoni mwa chungu na juu ya kokopiti. Mizizi midogo inaungua kwanza, halafu ncha za matawi. Tofauti yake na hewa kavu ni kwamba ncha hupitia unjano kabla ya kuwa kahawia, na kufunika mmea hakubadilishi kitu.

Jua maji yako yanatoka wapi. Visima vingi vya Pwani, kuanzia Mombasa na Unguja hadi Dar es Salaam, vina chumvi kwa sababu maji ya bahari yanajipenyeza chini ya ardhi. Katika Bonde la Ufa, Arusha na Nakuru zikiwemo, maji ya ardhini yana floraidi nyingi, na floraidi inajulikana kwa kuunguza ncha za mimea kadhaa ya ndani, drasena ikiwa mfano. Nairobi maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini na yanafaa, ila ploti nyingi zinatumia kisima kirefu, na hayo ni maji mengine kabisa ingawa yanatoka bomba lile lile la jikoni. Muulize msimamizi wa nyumba.

Kipimo cha nyumbani: mimina kijiko kimoja cha maji kwenye sahani nyeusi au kipande cha kioo safi, yaache yakauke yenyewe. Yakiacha duara jeupe linaloonekana wazi, usiyatumie kwa selaginela.

Kuchemsha hakuondoi chumvi wala floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi zinabaki zote, na unachopata ni maji makali zaidi. Kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha kunatoa klorini ya kawaida, na hilo ni jema, lakini chumvi haiendi popote.

Maji ya mvua ndiyo bora. Acha mvua ioshe mabati dakika 10 hadi 15 za kwanza, kisha kinga. Lita 20 kwenye dumu lililofungwa na kuwekwa gizani zinatosha chungu kimoja kwa miezi kadhaa. Kiangazi kikiwa kirefu, maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi yanaweza kuziba pengo: ni mvuke ulioganda, hauna chumvi. Yachuje kwa kitambaa, na usiyatumie wiki ambayo fundi amesafisha mashine kwa kemikali.

Kuondoa chumvi zilizokwisha jikusanya, kwangua ukoko wa juu kwa kijiko, kisha pitisha maji ya mvua polepole, mara tatu ya ujazo wa chungu. Kwa chungu cha upana wa sentimita 12 na kina cha 8 hiyo ni kama lita 2 hadi 3. Yamwage kwa awamu nne, ukingoja yachuruzike kila awamu, na usiache chungu kikalie maji hayo. Rudia baada ya miezi mitatu.

Mbolea nayo ni chumvi. Selaginela inahitaji kidogo sana: mbolea ya NPK ya kuyeyusha kwa robo ya kipimo cha pakiti, mara moja kila wiki sita hadi nane, na si wakati mmea unaumwa. Pakiti ikisema gramu 1 kwa lita, weka robo gramu. Chembe za mbolea za shambani kama DAP, CAN au urea zisiguse chungu hiki. Kila chembe inapoyeyuka huacha doa la kahawia juu ya zulia. Samadi mbichi vilevile.

Kupauka, na kurefuka ovyo

Majani yakipoteza rangi upande wa dirisha tu, ni jua. Saa moja ya jua la mchana kupitia kioo inatosha kuyaunguza. Weka karatasi nyeupe mahali pa mmea saa sita mchana, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali maana yake mwanga umezidi. Kivuli hafifu kisicho na kingo ndicho kinachotakiwa. Kusipokuwa na kivuli kabisa, mwanga haufiki.

Kuna jambo linalowachanganya wanaoishi karibu na ikweta: mmea umekaa dirisha moja miezi sita ukiwa mzuri, ghafla unaungua. Jua limehama. Dar es Salaam dirisha linalotazama kaskazini hupata jua kuanzia Machi hadi Oktoba mwanzoni, na linalotazama kusini hupata kuanzia hapo hadi Machi. Nairobi mabadiliko hayo huja karibu na Machi 20 na mwishoni mwa Septemba. Weka alama kwenye simu, na tarehe hizo zikifika hamisha chungu au shusha pazia jepesi.

Zipo aina zenye rangi ya dhahabu kwa asili, kama ‘Aurea’. Kama unjano umeenea sawasawa, ncha ni laini na machipukizi yanatoka, usitibu kitu. ‘Brownii’ nayo hukaa kama kimto kifupi kisichotambaa, na watu hudhani imedumaa.

Matawi yakiwa marefu, membamba na yenye nafasi kati ya jani na jani, mwanga ni mdogo. Sogeza karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, au washa taa ya LED nyeupe sentimita 25 hadi 30 juu ya mmea, saa 10 hadi 12 kwa siku. Mashina yaliyorefuka hayafupiki. Kata theluthi moja ili yagawanyike upya.

Joto la Pwani

Nyuzi joto 15 hadi 24 ndizo zinazouridhisha. Dar es Salaam au Mombasa Februari na Machi, chumba kinapofika 32 mchana na usiku hakipoi, selaginela hulegea, hufifia, kisha huoza hata kama maji, hewa na mwanga ni sawasawa. Hakuna dalili moja ya pekee. Ukiondoa sababu nyingine zote na ukabaki na joto, ni joto. Chungu cha udongo wa kufinyanga husaidia kwa sababu maji yanayopenya kwenye kuta zake huupoza udongo, na sakafu ya vigae upande usiopigwa na jua ina ubaridi kuliko rafu.

Kusema kweli, nyumba ya Pwani isiyo na chumba cha ubaridi haifai kwa kraussiana. Anayetaka mmea wa kufunika udongo ndani ya chupa au bakuli achague fitonia, Fittonia albivenis, ya misitu ya mvua ya Peru na jirani zake. Inapenda unyevu ule ule, na joto inalivumilia vizuri zaidi.

Chupa iliyofungwa: ukungu, mwani na vioo vinavyotiririka

Pamba nyeupe juu ya majani yaliyokufa ni ukungu, na chakula chake ni makapi hayo. Yatoe kwa kibano, fungua kifuniko nusu saa kila siku kwa wiki moja, acha kumwagilia. Tazama kioo: umande unaofunika nusu ya kioo asubuhi na kupotea kufikia mchana ni sawa. Matone yanayotiririka siku nzima ni maji yaliyozidi. Acha kifuniko wazi kwa siku mbili. Kioo kikavu asubuhi na jioni kinataka vijiko viwili vitatu vya maji ya mvua.

Utando wa kijani au mweusi unaoteleza juu ya udongo ni mwani. Hauui mmea wenyewe, lakini unaziba udongo. Ukwangue, punguza mwanga na usimamishe mbolea kwa miezi mitatu. Dawa za ukungu zenye shaba usizitumie ndani ya chupa. Majani membamba namna hii yanaungua kabla ukungu haujafa.

Wadudu

Vinzi vyeusi vya milimita mbili tatu vinavyoruka ukigusa chungu hutaga kwenye udongo mbichi, na mabuu yao hula mizizi michanga. Ushauri unaotolewa kwa mimea mingine, kuacha udongo ukauke, hapa utamaliza mmea kabla ya mabuu. Tega kadi za manjano zenye gundi usawa wa majani, toa makapi yote, na mwagilia kutoka chini. Wakizidi, tumia bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, anayejulikana kwa kifupi Bti, ndiye anayetumika kuua viluwiluwi vya mbu. Kiwanda cha Kibaha hutengeneza dawa yenye bakteria huyo. Fuata kipimo cha chupa, tumia maji hayo kumwagilia, rudia kila wiki kwa wiki tatu nne, kwa sababu mayai hayafi na yanaendelea kuanguliwa.

Matawi yaliyokatwa katikati usiku, na njia ya ute unaong'aa, ni konokono au koa, hasa mmea ukitoka nje au msituni. Mkague kwa tochi saa tatu usiku na mtoe kwa mkono.

Nyuzi nyembamba kama buibui pamoja na vidoti vya njano ni utitiri, ambao huja hewa ikiwa kavu. Suuza mmea kwa maji ya mvua kwa nguvu kiasi, kisha ufunike. Vidung'ata vyeupe vyenye unga ukivikuta, kata tawi zima na ulitupe. Spiriti kwa pamba, inayofaa kwenye mimea yenye majani makubwa, inaunguza selaginela. Sabuni na mafuta ya mwarobaini vijaribu kwanza kwenye kona ndogo ya sentimita tatu na usubiri siku tatu.

Wakati wa kuacha kutibu na kuanza upya

Mmea ukiwa umepoteza zaidi ya robo tatu ya kijani chake, kuutibu kunachukua muda mrefu kuliko kuotesha mwingine kutoka kwake. Kata vitawi vyenye afya vya sentimita 4 hadi 6, kila kimoja kikiwa na angalau sehemu mbili panapogawanyika matawi, maana mizizi hutokea hapo. Vilaze kwenye mchanganyiko ule ule uliolowa, umbali wa sentimita 2, na uvibane kwa nusu ya kibanio cha nywele au kijiti kilichopindwa. Usivifukie. Funika, weka kwenye mwanga hafifu. Baada ya wiki mbili vuta kimoja polepole: kikikataa kutoka, kimeshika. Chungu cha sentimita 12 hufunikika kwa miezi mitatu minne ukianza na vitawi nane au kumi.

Vipande vichukue kwa mwenye mmea au kwenye kitalu, si kwenye hifadhi ya msitu. Kung'oa huko kunahitaji kibali, na mara nyingi unachobeba nyumbani ni konokono na ukungu. Makapi uliyokata yafunge kwenye mfuko au yaanike juani mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyatupa. New Zealand mmea huu umetoroka bustanini ukafunika sakafu za misitu na kuzuia miche ya miti ya asili isiote, na huko ni marufuku kuuotesha au kuuuza. Anayeishi ughaibuni aulize sheria za mahali alipo kabla ya kuuagiza. Kipande kimoja chenye unyevu kikitupwa kwenye mfereji wenye kivuli kinatosha kuota.